Akaunti Isiyo na Mwenyewe

Ukifungua leo akaunti AWS, huduma ya wingu ya Amazon inayokukodishia seva kupitia intaneti, cha kwanza unachokabidhiwa ni akaunti kuu: barua pepe moja, nenosiri moja, kadi ya benki moja, na mamlaka yote. Inawasha seva, inazizima, inafuta hifadhidata pamoja na nakala zake za akiba, na ikibidi inajifunga yenyewe. Kampuni nyingi ndogo nilizopita, Dar na Nairobi, zilifunguliwa akaunti hiyo na mwanzilishi kwa barua pepe yake binafsi, zama zile yuko peke yake na laptopu sebuleni. Leo ana wafanyakazi, ana wateja, ana mhasibu, lakini akaunti ni ileile na wote wanaingia nayo. Fundi akitaka kurekebisha kitu Jumapili asubuhi, sharti apige simu: "Bosi samahani, naomba unisomee zile namba sita." Bosi yuko kanisani. Namba zenyewe, za uthibitisho kwenye simu yake, zinabadilika kila baada ya sekunde 30.

Wengi huliona hilo kuwa usumbufu tu. Tatizo ni kubwa zaidi ya hapo, kwa sababu mbele ya wingu kampuni nzima imekuwa mtu mmoja. Aliyefuta jedwali la wateja na aliyeingia kuangalia bili wanaandikwa kwa jina lilelile kwenye kumbukumbu za mfumo, na hakuna wa kumuuliza.

Mwaka 2014 kulikuwa na kampuni iitwayo Code Spaces, kazi yake kuwahifadhia watengeneza programu msimbo wao. Mwezi Juni mtu aliingia kwenye ukurasa wao wa usimamizi wa AWS, akaacha ujumbe wa kudai pesa. Wenyewe wakakimbilia kubadilisha nenosiri. Kumbe jamaa alikuwa ameshajitengenezea akaunti nyingine humo humo ndani, na alipoona anafukuzwa akaanza kufuta: data, nakala za data, mashine. Ndani ya saa 12 hivi hapakubaki cha kuendesha, na kampuni ikatangaza kuwa haiwezi kuendelea. Nakirudia sana kisa hiki nikiwa kazini kwa sababu ya ile hatua ya katikati. Walishughulika na nenosiri, wakati tatizo lilikuwa limeshahamia kwenye orodha: humo ndani yumo nani na nani, na yupi si wetu?

Semina za usalama za hapa mjini karibu zote huishia kwenye nenosiri imara na kutobofya viungo vya kitapeli. Ni sawa, lakini zinamzungumzia kiumbe mmoja tu, binadamu aliyekaa mbele ya kompyuta. Seva zilipokuwa chumbani, na kiyoyozi na mlinzi mlangoni, hilo lilitosha kwa kiasi fulani. Kwenye wingu kila kitu kinafanyika kwa ombi linalopita kwenye intaneti, na kila ombi huulizwa kwanza: wewe nani? Anayejibu anaweza kuwa mfanyakazi, mgeni, kifaa, mteja, au programu isiyo na mtu nyuma yake. Sisi tunawatendea wote kama kundi moja. Mimi siku hizi nikionyeshwa utambulisho wowote sianzi kuuliza una ruhusa gani. Nauliza nani atajua siku unapotakiwa kufa.

Kwa mfanyakazi jibu ni rahisi. Anazaliwa siku ya mkataba, anakufa siku ya barua ya kuacha kazi, na idara ya rasilimali watu inazijua tarehe zote mbili. Kwenye Microsoft Entra ID, mfumo wa kampuni kusimamia akaunti za watu wake, ule ulioitwa Azure Active Directory mpaka mwaka 2023, akaunti iliyofutwa hukaa siku 30 ikisubiri kama mtabadili mawazo, kisha inapotea moja kwa moja. Anayesumbua zaidi ni yule asiyeondoka, anayehama dawati. Alianza huduma kwa wateja, akaenda fedha, sasa yuko miradi, na ruhusa za kote anatembea nazo. Hakuna anayemnyang'anya kwa sababu hakuna anayelalamika. Dawa yake inajulikana: ruhusa zifungwe kwenye kundi la kazi, mtu aingizwe na kutolewa kundini. Inachosha kuipanga mara ya kwanza, basi.

Na akaunti za pamoja, zile za mapokezi@ na admin@ zinazotumiwa na watu wanne, zife leo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya inayo yake tangu 2019. Siku taarifa za wateja zikivuja, utaulizwa nani alizigusa. "Admin" si jibu.

Mgeni ni habari nyingine, na kwake ningependa nikae kidogo. Ukimwalika mkaguzi wa nje kwenye Entra ID ya kampuni yako, hapewi nenosiri jipya. Anaingia kwa akaunti ya kwao, na kwenye orodha yako anatokea kwa jina refu lisilopendeza: barua pepe yake iliyogeuzwa @ ikawa mstari wa chini, kisha #EXT#, kisha jina la kampuni yako. Ukiliona #EXT# ujue huyu nenosiri lake halikai kwako. Mpangilio huu naupenda, maana akiachishwa kazi kwao na wakamfungia, kwako pia hapiti. Na papo hapo unanitia wasiwasi, maana usalama wa mlango wako sasa unategemea uangalifu wa ofisi usiyoijua. Kama kwao hawadai uthibitisho wa hatua mbili, dai wewe. Mfumo unakuruhusu kumtaka mgeni athibitishe upya anapoingia kwako.

Ila kinachotokea hasa ni kusahauliwa. Ukaguzi unaisha Machi, Desemba mgeni bado yumo. Rasilimali watu hawamjui kwa sababu hakuajiriwa, watu wa IT hawamgusi kwa sababu alialikwa na mkurugenzi, na mkurugenzi anadhani IT walishamtoa. Wahenga walimpa mgeni siku mbili kabla ya jembe, sisi tunampa miaka. Nikipewa nafasi ya kuweka kanuni moja tu kuhusu wageni, ningesema mwaliko usikubalike bila tarehe ya mwisho na bila jina la mwenyeji wake.

Vifaa navipitia haraka. Laptopu ya ofisi nayo ina utambulisho wake, kwa kawaida cheti kinachokaa ndani ya mashine, na kwa huo unaweza kuweka sharti kwamba fulani aingie lakini kwa kompyuta ya ofisi tu, si kwa ile ya intaneti kafe. Ukiwahi kununua laptopu ya mtumba, ukaiwasha ikakudai barua pepe ya kampuni ya Uingereza, basi umekutana na utambulisho wa kifaa ambacho mwenyewe alikiuza bila kukitoa kwenye orodha yake.

Wateja nao wana yao, na huku kwetu utambulisho wa mteja umekuwa namba ya simu. Programu nyingi zinazotengenezwa Dar na Nairobi hazimwombi mteja barua pepe kabisa: weka namba, pokea ujumbe mfupi, ingia. Naelewa kwa nini. Namba kila mtu anayo, laini imesajiliwa, na pesa zenyewe zinapita humo humo. Lakini laini isiyotumika muda mrefu hurudishwa kwa kampuni ya simu na kuuzwa kwa mtu mwingine. Yule mwingine akipakua programu yako, akaweka namba yake mpya aliyoinunua kihalali, mfumo wako unamkaribisha kwa jina la mwenye namba wa zamani, na oda zake, na anwani ya kwake. Hapo hakuna mwizi aliyehusika. Kama mfumo wako unaichukulia namba kama mtu, tenganisha: mteja awe na utambulisho wake wa ndani, na namba iwe njia mojawapo ya kumfikia, inayoweza kubadilishwa na inayopaswa kuhojiwa ikikaa kimya miezi mingi.

Sasa programu.

Programu ya mishahara inasoma hifadhidata. Programu ya nakala za akiba inaandika kwenye hifadhi ya mafaili. Programu ya ripoti inaamka saa tisa usiku, inafanya hesabu zake, inatuma barua pepe na kulala. Kila moja lazima ijibu lile swali la "wewe nani", na hakuna hata moja yenye simu ya kusomewa namba sita. Hapa ndipo watu wanapochukua njia ya mkato: wanaitengenezea ufunguo wa kudumu na kuubandika ndani ya msimbo.

Utazame ufunguo wa AWS kwa karibu. Una sehemu mbili: kitambulisho cha herufi na tarakimu 20, na siri yenye 40. Kitambulisho kikianza na AKIA, ufunguo ni wa kudumu. Haujali mwaka, haujali aliyeutengeneza bado yupo au ameshaenda Canada. Kikianza na ASIA, ni wa muda, unafuatana na sehemu ya tatu iitwayo tokeni, na una saa yake ya kwisha. Kwa herufi nne za mwanzo tu unajua kama unachokitazama kitajifia chenyewe au kinamsubiri mtu akiue. Nikikaribishwa kwenye mradi wowote, kabla hata ya chai natafuta neno AKIA ndani ya msimbo wao. Chai mara nyingi hupoa.

Mwaka 2016 watu wawili waliingia kwenye hifadhi binafsi ya msimbo ya wahandisi wa Uber huko GitHub, tovuti ya kutunzia msimbo, wakakuta humo taarifa za kuingilia AWS, wakaondoka na data za abiria na madereva milioni 57. Kampuni iliwalipa dola 100,000 wanyamaze, na umma ukajua Novemba 2017. Hiyo ilikuwa hifadhi binafsi. Ukiuweka ufunguo kwenye hifadhi ya wazi, roboti zinazopekua GitHub usiku na mchana huukuta mapema kuliko wewe kugundua. AWS nayo huwinda funguo zilizoanikwa na kuzifunga baadhi ya ruhusa, lakini usiitegemee huruma hiyo.

Njia bora ni wadhifa. Wadhifa hauna nenosiri wala ufunguo wa kudumu. Ni seti ya ruhusa, pamoja na maelezo ya nani anaruhusiwa kuivaa. Programu inapotaka kufanya kazi inaomba kuuvaa, inapewa tokeni ya ASIA ya saa moja kama hukupanga vingine, na kwa kawaida haizidi saa 12. Ni kama tiketi ya boti ya kwenda Unguja: ina jina lako, ina tarehe, ina safari yake, na anayeiokota kesho yake bandarini ameokota karatasi. Azure, wingu la Microsoft, wanao utambulisho unaosimamiwa na mfumo wenyewe, wa namna mbili. Mmoja umefungwa kwenye mashine moja, ukiifuta mashine nao unaondoka. Mwingine unasimama peke yake na kutumiwa na mashine nyingi. Wahandisi wengi wanaupenda wa pili kwa sababu hawarudii kazi. Mimi naanza na wa kwanza kila ninapoweza, kwa kuwa mazishi yake yameshapangwa tangu siku ya kuzaliwa.

Lakini muda mfupi peke yake haukuokoi, na hapa lazima nimtaje Capital One wa Marekani. Machi 2019, mtu aliyewahi kufanya kazi AWS aliikuta seva ya ulinzi ya benki hiyo iliyopangwa vibaya, kiasi kwamba ukiituma ikaulize kitu kwa niaba yako, inakwenda. Akaituma kwenye anwani 169.254.169.254. Kila mashine ya AWS ina anwani hiyo, ndiko inakojiuliza yenyewe, "mimi nimevaa wadhifa gani, nipe tokeni." Seva ikauliza, ikapewa, ikamkabidhi mgeni. Tokeni ilikuwa ya muda, kama vitabu vinavyotaka. Ila ule wadhifa, uliokusudiwa ulinzi wa tovuti, uliruhusiwa kuorodhesha na kusoma hifadhi za mafaili ya benki. Taarifa za watu wapatao milioni 100 Marekani na milioni 6 Canada zikaondoka. Mwaka uliofuata mdhibiti wa mabenki akaitoza Capital One dola milioni 80. AWS wao, Novemba 2019, walitoa toleo la pili la ile huduma inayojibu kwenye anwani hiyo, linalodai mashine ichukue tokeni ya kikao kwanza kabla ya kuuliza chochote, jambo ambalo hila ya namna ile kwa kawaida hushindwa kulifanya. Kama mashine zako bado zinakubali toleo la kwanza, acha kusoma hapa ukazibadilishe.

Kuna namna ya tatu ninayoipenda kuliko zote: programu iliyo nje ya wingu lako kujitambulisha bila ufunguo wowote. GitHub inapoendesha kazi ya kupeleka msimbo wako kwenye seva, inaweza kuipa hati iliyosainiwa inayosema wewe umetoka hifadhi fulani, tawi fulani. Wingu linaikagua saini, linatazama sehemu iitwayo sub, mathalani repo:kampuni/mradi:ref:refs/heads/main, na likiridhika linatoa tokeni ya muda. Hakuna siri ya kuibiwa kwa sababu hakuna siri iliyotunzwa. Sharti ni moja, soma ulichoandika kwenye kanuni ya kukubali. Nimeona mahali pa jina la hifadhi pamewekwa nyota, yaani yeyote. Mhandisi alikuwa anajaribu, ikafanya kazi, akafunga laptopu akaenda zake.

Na ndipo tunarudi kwenye orodha. Januari 2024 Microsoft walieleza kuwa kundi la wadukuzi linalohusishwa na ujasusi wa Urusi, wao huliita Midnight Blizzard, limesoma barua pepe za baadhi ya viongozi wao wakuu. Liliingiaje? Lilibahatisha nenosiri la akaunti ya majaribio, ya zamani, isiyo na uthibitisho wa hatua mbili, kwenye mazingira ambayo si ya kazi halisi. Kupitia hapo likafikia programu ya majaribio, ya zamani pia, ambayo kwa sababu fulani ilikuwa na ruhusa kubwa ndani ya mfumo halisi wa kampuni. Hawa ndio wanaotuuzia sisi mfumo wa utambulisho.

Cloudflare nao, kampuni ya kulinda tovuti iliyo makini kuliko wengi, Oktoba 2023 waligundua kuwa Okta, wanaowahudumia kwa mfumo wa utambulisho, wamevamiwa na baadhi ya siri za Cloudflare zimeguswa. Wakabadilisha maelfu ya funguo. Zikabaki nne: tokeni moja na akaunti tatu za huduma. Hawakuzibadilisha kwa sababu waliamini hazitumiki. Katikati ya Novemba mtu akazitumia, akapita kwenye kurasa zao za ndani na hifadhi ya msimbo, mpaka walipomgundua tarehe 23. Baadaye walibadilisha siri zaidi ya 5,000. Ninawaheshimu kwa kuliandika jambo lote hadharani, pamoja na ile sababu. "Tulidhani haitumiki" nimeisikia karibu kila ofisi niliyokaa.

Sasa wanakuja mawakala wa akili mnemba, programu zinazoamua zenyewe hatua inayofuata. Mei 2025 Microsoft walitangaza aina mpya ya utambulisho kwa ajili yao ndani ya Entra. Sina mengi ya kusema bado, isipokuwa kwamba wakala anayefanya kazi kwa ruhusa zilezile za aliyemtuma atakuja kuulizwa mahakamani siku moja ni nani kati yao aliyefuta faili, na kumbukumbu za mfumo zitaonyesha jina moja.

Kuna kampuni ya usafirishaji, jina nalihifadhi, iliniita niwapitie orodha yao. Watu walikuwa safi, rasilimali watu wao wanajua kazi. Chini yao zikaja akaunti zisizo za watu: svc-ripoti, test2, backup-mpya na backup-mpya-2. Nikaongeza safu moja kwenye jedwali, "mwenyewe", tukaizungusha ofisi nzima. Safu ikarudi tupu. Ufunguo wa svc-ripoti ulikuwa wa AKIA, umetumika mwanzoni mwa mwezi uleule, alfajiri, kutoka anwani ya intaneti ambayo haikuwa ya ofisi yoyote yao ya Dar. Hatukuufuta. AWS hukuruhusu kuuzima ufunguo na kuuwasha tena, na kila ninapokutana na kitu kisicho na mwenyewe hufanya hivyo kwanza, huku nimekaa karibu na simu.

Kimya. Wiki ikapita, nyingine ikapita, vijana wakataka tufute. Tarehe mosi mhasibu akapiga: "Mbona ile Excel ya mafuta haijaja?" Tukafuatilia, tukaikuta kompyuta chini ya meza kwenye karakana yao ya Tanga, imewashwa muda wote, inaendesha msimbo ulioandikwa na kijana wa mkataba aliyeshaondoka kitambo. Mhasibu ndiye aliyekuwa anapokea matokeo kila mwezi na hakujua yanatoka wapi. Kazi tukaihamishia kwenye wingu kwa wadhifa unaoweza kusoma folda moja tu, ufunguo tukaufuta, na kwenye ile safu tukaandika jina la mhasibu. Akauliza kama kuwa mwenyewe kunaongeza chochote kwenye mshahara.

test2 hakuna aliyeipigia simu mpaka leo.